Foronya ya Shangazi Ndewiro

Kazi yangu ni kufuta chunusi.
Studio ya picha, Moshi mjini, mlango wa bluu
mkabala na wauza viatu vya mitumba:
pasipoti, vitambulisho, harusi, kipaimara.
Bi harusi wa Marangu nilimsugua shavu kwa kipanya
likawa laini kama yai lililomenywa,
naye akanitazama usoni, akatazama skrini,
akauliza kwa upole, "Na wewe, kaka, hujijaribu?"

Nilishajaribu, dada.
Shubiri mwitu, chungu hadi kwenye ndoto.
Dawa ya meno.
Asali na ndimu; nyuki wawili wakanifuata mpaka Pasua.
Mjomba alisema ni parachichi,
jirani akasema ni damu chafu,
Shangazi Ndewiro akasema, "Oa. Zitakwisha zenyewe,"
kana kwamba mke huuzwa duka la dawa,
kutwa mara mbili.

Kisha Kiboriloni, siku ya soko:
mrija wenye maandishi nisiyoyajua,
elfu tatu na mia tano, muuzaji akiapa kwa mama yake.
Wiki mbili nilikuwa picha iliyokwisha kusafishwa.
Nilitembea taratibu, makusudi, niangaliwe.
Wiki ya tano ngozi ikawa ganda la kitunguu,
jua likiigusa inawaka,
na chunusi zikarudi na ukoo mzima,
kama wanaokuja msibani.

Daktari Kowero hakuniuliza nakula nini.
Alisema, "Mwaga mfuko."
Nikamwaga mezani mirija, vikopo, sabuni ya kiberiti, aibu.
Ule wa Kiboriloni akauinua kwa vidole viwili.
"Huu haukukutibu. Ulikukopesha uso.
Sasa unadai, na riba yake ndiyo hii."

Nilitaka anipe ile kali kuliko zote.
Nilisikia ipo, inayomaliza kabisa.
"Ipo. Ina vipimo vya damu, ina midomo inayopasuka,
na bado hatujaijaribu ndogo yake.
Karanga humenywi kwa nyundo ya mawe."
Akauliza naamka saa ngapi,
natembea juani kiasi gani,
jioni nakula wapi, na nani.
Nikadhani ni maswali ya posa.
"Dawa inayokufaa," akasema huku anaandika,
"ni ile utakayoikumbuka saa nne usiku, umechoka."

Basi marhamu usiku, punje ya njegere, uso mzima,
si kudonoadonoa pale panapouma tu.
Kidonge baada ya chakula, glasi nzima ya maji,
usijilaze papo hapo. Kofia.
Ule mrija wa sokoni tukauachisha polepole
kama mtoto ziwa.
Na wiki kumi na mbili kabla ya kumlaumu mtu.

Wiki ya tatu nilimlaumu.
Wiki ya nne mlima ulijifunika siku sita. Nami pia.

Alinionya, sikusikia, kwamba marhamu hula rangi.
Foronya ya shangazi, ya bluu,
aliyoitarizi kwa mkono wake LALA SALAMA,
asubuhi moja ikaamka na mawingu,
na herufi mbili za mwisho zimeliwa kabisa.
LALA SALA.
Shangazi akaiinua dirishani, akaisoma mara mbili.
"Hata foronya," akasema, "imeona bora usali."

Leo wiki ya nane. Kidevu bado.
Paji la uso, naweza kusema, limeanza kusikiliza.
Mchana aliingia kijana wa kidato cha tatu,
picha nne ndogo, mkono haubanduki shavuni.
"Zifute zote," akaninong'oneza.
Nikafuta nyingi. Mbili nikamwachia,
za upande wa kushoto,
shuleni wasije wakamkana.
Kisha nikazima skrini, nikavuta kiti:
"Hebu niambie, unapaka nini?"